PIKIPIKI HAIWAKI BAADA YA MASIKA: TUANZIE WAPI?

Katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, na humalizika mwezi wa Aprili au Mei. Miezi hiyo ya masika, au kifuku kama wengi tunavyosema, njia nyingi za vijijini zina tope, na watu wako shambani. Ndiyo maana hapa Malolo, kama ilivyo katika vijiji vingine, wako wenye pikipiki wanaoziweka ndani mpaka mvua ziishe. Wengine hutumia nafasi hiyo kuzifanyia matengenezo. Wanabadilisha oili, wanaosha kabureta, wanafua chujio la hewa, wanafungua plagi na kuirudisha.

Kisha mvua zinaisha. Ufuta unakaribia kuvunwa. Mtu anatoa pikipiki yake nje, anapiga kiki. Haiwaki. Anapiga kiki mara ishirini. Haiwaki. Jasho linamtoka. Majirani wanakusanyika, na kila mmoja ana dawa yake. Huyu anasema ni betri. Yule anasema ni kabureta. Wa tatu ameshashika spana. Ikifika jioni pikipiki imefunguliwa yote, vyuma vimepangwa juu ya gunia, na ugonjwa wenyewe bado haujajulikana.

Jambo hili si dogo. Pikipiki kijijini si kitu cha kutembelea tu. Ndiyo inayompeleka mama mwenye uchungu zahanati usiku. Ndiyo inayobeba mbegu, dawa na magunia. Ikilala siku sita, kazi za watu wengi zinalala pamoja nayo.

Katika somo hili tutajifunza kutafuta ugonjwa wa pikipiki kwa utaratibu. Tunasema juu ya pikipiki za zamani, zenye kabureta na kiki. Pikipiki mpya zisizo na kabureta zina utaratibu wake, na hizo zikisumbua ni afadhali zipelekwe kwa fundi.

INJINI INATAKA NINI?

Tunajua sote kuwa moto wa jikoni unataka kuni, hewa na kiberiti. Ukikosa kimoja, chakula hakiivi. Injini ni hivyo hivyo, ila yenyewe inataka vitu vinne:

1. Petroli.
2. Hewa.
3. Mgandamizo, yaani kushindiliwa kwa ile petroli na hewa.
4. Moto, yaani cheche ya plagi.

Mgandamizo ni nini? Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini. Utasikia hewa inakusukuma kidole kwa nguvu. Ndani ya injini pistoni inafanya kazi kama hiyo. Inashuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Inapanda na kuishindilia. Plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka na kuisukuma pistoni chini. Kisha pistoni inapanda tena na kutoa moshi kwa njia ya eksozi.

Basi pikipiki isipowaka, kimekosekana kimoja kati ya vitu hivyo vinne, au kipo lakini si kwa kiasi chake.

KANUNI MBILI

Kabla ya kushika spana, tushike kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza: Anza na lililo rahisi, na fanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha plagi, ukaosha kabureta na ukagusa nyaya kwa pamoja, halafu pikipiki ikawaka, hutajua dawa ilikuwa ipi. Na isipowaka, hutajua kama umeongeza ugonjwa mwingine.

Kanuni ya pili: Anza pale mkono ulipopita mwisho. Ikiwa pikipiki ilikuwa nzima ilipowekwa, ikafanyiwa kazi, na sasa haiwaki, basi swali la kwanza si "Kimeharibika nini?" Swali la kwanza ni "Tuligusa nini?" Mara nyingi ugonjwa uko hapo hapo: waya haukurudishwa, mpira wa petroli umepinda, chujio limerudishwa likiwa na maji.

Sasa tufuate hatua tano.

HATUA YA KWANZA: TAZAMA BILA KUFUNGUA

Sukuma pikipiki nje, mahali penye hewa na mbali na moto. Usiguse spana bado. Tazama haya:

Je, petroli imo ndani ya tangi? Fungua mfuniko, utikise tangi, usikilize. Usichungulie kwa kibatari wala kwa kiberiti.

Je, koki ya petroli imefunguliwa? Koki ina sehemu ya kufungua, ya kufunga na ya akiba. Mtu akiosha kabureta lazima afunge koki, na ni rahisi kusahau kuifungua.

Je, swichi ya ufunguo iko wazi? Na ile swichi ya kuzimia injini penye usukani? Mtoto akicheza na pikipiki ndani ya nyumba anaweza kuibonyeza.

Je, kofia ya plagi imekaa mahali pake? Isukume mpaka ishike.

Je, panya wamekula nyaya? Panya hupenda kukaa chini ya kiti cha pikipiki iliyolala, na hata kutengeneza kiota ndani ya kisanduku cha chujio.

Je, tundu la eksozi liko wazi? Nyigu wa udongo hupenda matundu. Miezi mitatu inawatosha kabisa kujenga nyumba yao humo. Moshi usipopata njia ya kutoka, injini haiwezi kuwaka.

Mwisho, tazama mfuniko wa tangi. Nyingi zina kijitundu cha kupitisha hewa. Kikizibwa na tope, petroli inashuka kidogo kidogo halafu inakatika.

Hatua hii haina gharama yoyote, lakini pikipiki nyingi hupona hapa.

HATUA YA PILI: SOMA PLAGI

Sisi tuliohitimu kisomo tunajua kusoma barua. Plagi nayo ni kama barua kutoka ndani ya injini. Funga swichi, futa vumbi kuizunguka plagi, kisha ifungue kwa spana yake. Itazame ncha.

Ncha ikiwa kavu, ingawa umepiga kiki mara nyingi, habari yake ni hii: petroli haifiki. Nenda hatua ya tatu.

Ncha ikiwa imelowa na inanuka petroli, habari yake ni hii: petroli inafika, lakini haichomwi. Labda moto haupo, au petroli imezidi. Nenda hatua ya nne.

Ncha ikiwa na masizi meusi makavu, petroli ilikuwa nyingi na hewa kidogo. Safisha plagi, kisha tazama chujio la hewa katika hatua ya tano.

Ncha ikiwa na oili nzito, oili inapanda mahali pasipotakiwa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Pia tazama nafasi iliyopo kati ya ncha mbili za plagi. Katika pikipiki nyingi ndogo nafasi hiyo ni milimita 0.6 mpaka 0.7. Ni pungufu kidogo ya unene wa kitambulisho cha plastiki. Plagi ikianguka chini, ncha zinaweza kugusana, na cheche isitoke.

HATUA YA TATU: PLAGI KAVU, TAFUTA PETROLI

Fuata njia ya petroli kama unavyofuata mfereji wa bustani, kutoka juu kwenda chini. Petroli hutoka katika tangi, hupita koki, hupita katika mpira, huingia katika bakuli la kabureta.

Kwanza, chomoa mpira penye kabureta, uweke mdomo wake ndani ya chupa ya kioo, ufungue koki. Petroli ikitiririka vizuri, tangi na koki ni vizima. Ikidondoka tone tone, fungua mfuniko wa tangi. Ikianza kutiririka, kijitundu cha mfuniko kimeziba. Kama bado, koki au mpira umeziba au umepinda.

Pili, chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo. Ilegeze, ukinge petroli ndani ya chupa hiyo. Iache itulie kidogo, kisha itazame. Ukiona matone au mstari wa maji chini, umepata mwizi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na ndiyo yanayoingia kwanza katika kabureta. Wakati wa masika maji huingia kwa njia ya mfuniko, na unyevu wa hewa nao huganda ndani ya tangi. Mwaga mpaka itoke petroli tupu.

Tatu, nusa petroli hiyo. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza sehemu yake nyepesi, ile inayowaka upesi. Inayobaki hugeuka kuwa utomvu unaoganda na kuziba jeti, yaani vijitundu vidogo vya kabureta. Ikiwa inanuka kama rangi iliyooza, itoe yote, utie mpya. Ikiwa jeti zimeziba, kabureta lazima ifunguliwe na kuoshwa. Usichokonoe jeti kwa waya wa chuma. Ukiongeza upana wa tundu hata kidogo, pikipiki itakula petroli siku zote.

HATUA YA NNE: PLAGI IMELOWA, TAFUTA MOTO

Kwanza ondoa petroli iliyozidi. Funga swichi, funga koki, rudisha choki, fungua resi yote, na upige kiki mara kumi huku plagi iko nje. Kausha plagi kwa kitambaa. Subiri mpaka harufu ya petroli iishe. Chupa ya petroli uliyokinga ipeleke mbali.

Sasa ipachike plagi kwenye kofia yake. Lilaze umbo lake la chuma juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na tundu la plagi, na tundu hilo ulizibe kwa kitambaa kikavu. Usishike chuma cha plagi kwa mkono, umeme wake unarusha. Fungua swichi. Mwenzio apige kiki. Mkiwa kivulini mtaona cheche.

Cheche ya bluu yenye nguvu ni njema. Cheche nyekundu na dhaifu, au hakuna kabisa: jaribu plagi nyingine iliyo nzima. Kama bado, tazama kofia ya plagi, waya wake, na swichi ya kuzimia. Nyaya zilizolegea zikazwe. Viungo vyenye kutu visuguliwe. Ukishafanya hayo na bado giza, mpeleke mgonjwa kwa fundi wa umeme, na mwambie ulivyoona.

Na betri je? Watu wengi wakiona taa na honi hazifanyi kazi husema, "Betri imekufa, ndiyo maana haiwaki." Tusiharakishe. Pikipiki nyingi za zamani, ingawa si zote, hupata moto wa plagi kutoka kwenye sumaku ya injini yenyewe. Hizo zinaweza kuwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekwisha. Kwa hiyo pima cheche kwanza, ndipo utoe fedha ya betri.

HATUA YA TANO: HEWA NA MGANDAMIZO

Petroli ipo, moto upo, lakini haiwaki. Fungua kisanduku cha chujio. Chujio la sponji hufuliwa kwa maji na sabuni, hukaushwa kabisa, hutiwa oili kidogo, kisha hukamuliwa. Likirudishwa na maji, au likilowa oili nyingi, hewa haipiti. Chujio la karatasi halifuliwi. Likichafuka sana hubadilishwa.

Kupima mgandamizo, funga swichi na ufungue plagi. Ziba tundu lake kwa kidole gumba, mwenzio apige kiki. Kidole kisukumwe kwa nguvu. Kisiposukumwa, kuna hitilafu ndani ya injini. Ikiwa wakati wa matengenezo mtu alikaza tapeti za valvu, mwambie fundi jambo hilo kabla hajafungua kitu kingine.

MFANO: MJOMBA NA MPWA WAKE

Tuchukue mfano wa kijana mmoja aliyehangaika asubuhi nzima. Mjomba wake anapita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unatoka jasho hivyo?"

"Pikipiki hii mjomba, imekufa. Nadhani betri. Nataka nikope fedha, niende Ruangwa nikanunue."

"Ngoja kwanza. Ulipoiweka ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka vizuri tu."

"Halafu uligusa nini?"

"Nilibadilisha oili. Nikaosha kabureta, nikairudisha."

"Plagi umeitazama?"

"Nimeitazama. Kavu kabisa, kama haijatumika."

"Basi plagi imeshakuambia. Betri haileti petroli. Uliosha kabureta, hebu tuanzie hapo."

Wanatazama koki: iko wazi. Wanachomoa mpira penye kabureta: petroli inatiririka. Kijana anashangaa. Mjomba anamwambia aurudishe mpira kama alivyourudisha siku ile, polepole. Anapousukuma, mpira unajikunja nyuma ya kabureta na kujibana. Petroli ilikuwa haipiti. Wanaunyoosha, wanasubiri bakuli lijae, kijana anavuta choki na kupiga kiki. Mara ya tatu inawaka.

Betri haikununuliwa. Mkopo haukuchukuliwa. Kilichofanya kazi ni swali moja: "Uligusa nini?"

DAFTARI LA PIKIPIKI

Kijana yule alibahatika. Alikumbuka alichogusa. Lakini kati ya Januari na Mei ni muda mrefu, na kichwa kina mambo mengi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kila mwenye pikipiki awe na daftari, hata la kurasa chache. Aandike tarehe, kazi iliyofanywa, aliyeifanya, na gharama yake. Kwa mfano:

"Januari 12. Nimebadilisha oili. Nimeosha kabureta. Koki nimeifunga. Kitambaa nimeziba eksozi, nikumbuke kukitoa."

Mistari hii haimalizi dakika tano. Lakini mwezi wa Mei inaweza kuokoa wiki nzima. Hata fundi ukimpelekea daftari, ataanza kazi na habari mkononi badala ya kubahatisha kwa fedha yako.

Katika nchi hii yetu ya kusini tumeshaona mashine zikigeuka vyuma vitupu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta mengi, na mengine yalikuwa masalia ya vita. Mengi yaliharibika upesi. Vipuri havikutosha, mafundi hawakutosha, na ardhi na mvua havikupimwa sawasawa. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Mashine, iwe kubwa au ndogo, inamfaa mtu anayeifahamu na kuitunza.

HATARI ZA KUEPUKA

Petroli inawaka hata kwa mvuke wake. Usivute sigara, usiwashe kibatari, wala usipike karibu na kazi hii.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua.

Usiweke petroli katika chupa ya maji au ya soda. Mtoto ataona kinywaji.

Usiwashe injini ndani ya nyumba. Moshi wa eksozi una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulegea na kufa bila kujua.

KABLA YA MASIKA YAJAYO

Funga koki na umwage petroli iliyo katika bakuli la kabureta. Chomoa waya wa betri, na uichaji mara moja kwa mwezi. Ziba eksozi kwa kitambaa ili nyigu wasiingie. Iweke pikipiki mahali pakavu, pasipolala watu wala kuwashwa moto. Kisha andika yote katika daftari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja vitu vinne ambavyo injini inavihitaji ili iwake.

2. Plagi imetoka kavu baada ya kiki nyingi. Ina maana gani? Utatazama wapi kwanza?

3. Kwa nini maji huonekana chini ya petroli ndani ya chupa?

4. Tuseme mtu anapata shilingi 10,000 kwa siku kwa kubeba abiria. Pikipiki yake imelala siku 6, na amemlipa fundi shilingi 15,000. Amepoteza shilingi ngapi kwa jumla?

5. Katika kijiji chenu, usiku mgonjwa akizidiwa, ni pikipiki ipi inayotegemewa? Nani anahakikisha kuwa inawaka? Zungumzeni, mwandike mtakaloamua.

Jibu la swali la 4 ni shilingi 75,000. Majibu mengine yamo ndani ya somo. Someni tena, taratibu, na pikipiki iwe mbele yenu.